Dirisha la Msusi

Mtaa mzima ulimwita Afande, ingawa sare alisharudisha, na sasa askari jela huyu mstaafu alikuwa analinda nyumba ya vyumba viwili na mke mmoja. Kila jioni aligonga nondo za madirisha kwa rungu, moja moja, akisikiliza kama kuna iliyolegea. Wezi wenyewe walishaikatia tamaa nyumba ile. Ndani hamkuwa na cha kuiba zaidi ya kitanda chenye makelele.

Mkewe alikuwa msusi. Alipoteleza kwenye ngazi za soko akavunjika nyonga, Afande alimpikia, akamkanda, akamfunza kutembea upya, kutoka ukuta mpaka ukuta. Mama wa watu akapona. Aliyekuwa hajapona ni Afande. Kila alipotoka alifunga mlango kwa nje, ufunguo akauning'iniza shingoni kama hirizi.

"Mume wangu, hata majambazi wako walipunguziwa kifungo kwa tabia njema. Mimi kosa langu nini? Kuteleza?"

"Ukianguka tena je?"

"Nitaanguka nikiwa kazini."

Afande akacheka, akafunga vilevile, akaenda kununua dawa ya kuchua.

Aliporudi alimkuta jirani yao ameketi kwenye kigoda pale nje, dirisha amelipa mgongo. Mikono ya mkewe ilikuwa imepenya katikati ya nondo, inamsuka. Nusu ya kichwa ilishakamilika, mistari imenyooka kama rula. Kwenye ngozi ya viwiko, nondo zilikuwa zimeacha alama nyekundu.

"Shikamoo Afande," jirani alisema bila kugeuza shingo. "Usimshtue fundi wangu, mistari itaenda upogo."

Afande alisogea dirishani. Mikono iliyotoka nje ya nondo aliijua. Ndiyo aliyoitazama ujana wake wote, ikiomba sigara, ikiomba habari za nyumbani. Kumbe kila mfungwa alikuwa na kichwa cha mtu mahali fulani, kinamsubiri.

Akafungua mlango. Akavua ufunguo, akamvisha mkewe taratibu, asivuruge kitambaa chake cha kichwani.

"Na wewe ukitoka, utaingiaje?" mkewe aliuliza.

"Nitapiga hodi."

"Nikiwa na mteja utasubiri."

"Nitasubiri."

Mkewe akajifuta macho kwa kiwiko, maana vidole vilijaa mafuta ya nywele. "Basi acha kusimama kama uko lindoni. Nishike mkono, kizingiti hicho kina utelezi."