Jeni Waliyoiita Kulwa na Doto

Siku yangu ya kwanza kwenye maabara ya utafiti, kule Temeke, Mkuu wa Maabara alinikuta narudia kuhesabu vichupa vya damu. "Kombo, hapa hatununui ndizi. Hesabu mara moja, endelea."

Nilikuwaga hivyo hata sokoni: nahesabu chenji mbele ya muuzaji, kisha narudia kwa ajili yangu.

Kazi yetu ilikuwa kusaka jeni za vipokezi. Kipokezi, vijana, ni kama jicho la mlinzi juu ya seli ya kinga: huyu mwenyeji muache, huyu mgeni mkamate. Tukiipata jeni tunaichora kwenye ramani, imekaa wapi kwenye kromosomu. Kwa kawaida jeni moja ina nakala mbili: ya baba na ya mama.

Baadaye akaja Mwasiti, mtafiti mwenzangu. Kwenye sindano mkono wangu ulikuwa mwepesi kuliko wake, lakini wachangiaji damu walimuulizia yeye. Ana dimpozi, mie nina upara.

Siku moja, damu ya mama mmoja wa Kipawa ikanipa nakala tatu. Nikarudia. Tatu.

"Umetia sampuli mara mbili," Mkuu akasema. "Mtu wa kuhesabu mara mbili atamimina mara mbili. Mwasiti, hebu irudie."

Mwasiti akairudia, akapima na damu ya mtoto wa yule mama. Tatu, na tatu. Kumbe nakala mbili zilikaa pamoja kwenye kromosomu moja, na mtoto alizirithi kwa mpigo.

"Mapacha hawa, Mkuu," akacheka. "Kulwa na Doto!"

Jina likanasa hapo hapo. Mkuu akaliandika kwenye ramani ya ukutani, na chini yake: *Mwasiti*. Nikaisoma mara mbili. Kombo hayumo.

Mwasiti akaniletea chai. "Kaka, umenuna?"

"Nanunaje? Si nakunywa chai."

"Hujatia sukari."

Nilistaafu yeye akiwa ndiye Mkuu. Siku ya kuniaga akaibandua ramani ile, akanipa.

"Jina lako limo," nikamwambia.

"Basi tugawane, kaka. Chagua."

"Kulwa ni yupi?"

"Anayetangulia kutoka."

Nikachomoa kalamu, nikaandika *Kombo* chini ya Kulwa, kwa herufi kubwa kuliko zake.

Sasa nipo Boko, ramani ipo sebuleni. Kazi ile naipenda mpaka leo. Hilo silipunguzii bei. Ila kila mgeni akishaisoma hunigeukia na swali moja:

"Mzee, huyu Mwasiti ni nani?"