Kulia kwa Nani

Kabla dada mmoja wa Mtoni, fundi wa taa, hajanifundisha kazi, nilikuwa nikiita taa moja moja kwa namba. Taa kumi na mbili zinazogeuka zenyewe, sita kila upande wa jukwaa, nami nimeinamia meza ya kuziongozea. Nikimaliza kubonya, mwimbaji keshahama. Dada akanionyesha kuziweka katika makundi: unagusa kitufe kimoja, taa sita zinakutii pamoja. Nikatengeneza makundi mawili, nikayaita Kulia na Kushoto, nikajiona fundi.

Kwenye mazoezi ya taarabu pale ngomeni, mwimbaji wetu alikuwa bibi aliyetoka kupasuliwa jicho la kulia. Tangu augue hakuwa ameimba mbele ya watu, na daktari alimruhusu kwa sharti moja.

"Za kulia zisinimulike," alisema.

Nikazima Kulia kwa madaha. Lakini mimi nilikuwa nikitazamana naye. Kulia kwangu ni kushoto kwake. Taa zilizobaki zikampiga kwenye jicho bichi. Akaziba uso kwa mtandio.

"Basi, mie siimbi tena!"

Nilitamani ardhi inimeze. Dada akawahi jukwaani. "Tuwie radhi, bibi. Kosa langu mie, sikumwambia kulia ni kwa mwimbaji."

Uongo mtupu. Aliniambia mara mbili, na mara zote mbili niliitikia "naam" bila kusikiliza.

Aliporudi mezani alifuta majina yangu, akaandika Pwani kwa taa za upande wa bahari, na Darajani kwa zile za upande wa sokoni. "Hivi hata ukiwa mkaidi hupotei," alinambia. Bibi alipoelezwa akaelewa papo hapo: akitazama watu, jicho lake liko Darajani. Akakubali kujaribu.

Siku ya onyesho niliwasha Pwani peke yake. Katikati ya wimbo, bibi akanogewa, akaanza kuwageukia wapiga fidla waliokaa nyuma yake. Hakuna aliyetuambia atageuka. Jicho lake sasa lilikuwa linaelekea Pwani! Kidole changu kilitangulia akili: Pwani ikazimika, Darajani ikawaka, yeye bado yumo katika kugeuka. Alipowarudia watu, nami nikarudisha. Sauti yake haikutetereka hata kidogo.

Nikamtazama dada nione kama ameridhika. Alikuwa amefumba macho, anasikiliza wimbo, wala hakuona haja ya kunichunga. Nilimshukuru Mungu kwa mwalimu yule, na machozi yakanitoka hapo hapo mezani.