Neno Nililomjibu Mgambo

Rangi mbichi ya mafuta inanichefua mpaka leo. Mtu akipaka mlango wake mtaani kwetu hapa Tabora, mimi hupita njia nyingine, nanyi chekeni mkipenda. Harufu hiyo ilijaa bandarini Kigoma siku ile ya Idi. Maboti yalikuwa yamepakwa upya, mekundu, ya kijani, ya buluu, nami nilikuwa na miaka saba, gauni la manjano likinibana makwapani.

Baba alikuwa fundi baiskeli. Kila sikukuu alinishika mkono akasema, "Haya mama, twende tukazurure." Lilikuwa neno letu la mzaha. Safari hiyo tulipanda treni, tukafikia kwa rafiki yake Mfaume, balozi wa nyumba kumi. Asubuhi tulikula naye pilau sinia moja. Barua ya utambulisho ya Baba, Mfaume akaichukua aitunze, eti sikukuu nani atamuuliza mgeni.

Nilikuwa nachagua boti la kuwa langu lori liliposimama. Siku hizo za Ujamaa, aliyeonekana hana kazi alikamatwa akalimishwe. Mgambo mmoja aliinama, akaniuliza kwa upole tunafanya nini pale.

"Tunazurura," nikajibu kwa raha zangu.

Baba alinibana mkono hadi vidole vikauma. Akajieleza kwamba yeye ni fundi, ni mgeni, barua yake iko kwa balozi. Balozi mwenyewe alikuwa palepale getini, kanzu nyeupe, anachokoa meno. Baba akamwita. Mfaume akatazama ziwa.

"Simjui huyu."

"Panda, Saidi," mgambo akasema.

Mkojo ulinitoka nikiwa nimesimama. Mama mmoja muuza dagaa alinilaza kwake, kesho yake akanirudisha kwa treni.

Baba alirudi baada ya mavuno, mgongo umepinda. Hakunilaumu, wala hakunitembeza tena. Mimi niliogopa kumjibu mtu mzima yeyote. Mwalimu akiuliza nanyamaza, na shule ikaishia darasa la tatu. Nilijua ulimi wangu ndio uliompandisha lorini.

Baba ameshazikwa, mimi nina watoto watatu, nasuka mkeka, ndipo mikono ikasimama yenyewe. Saidi. Mgambo alimwita Saidi. Nani alimtajia? Mimi nilimwita Baba tu, na mwenyewe alisema fundi, mgeni. Jina lilikuwa ndani ya barua, na barua alikuwa nayo Mfaume. Mabalozi walitakiwa kutoa watu wa kwenda kulimishwa, na Mfaume hakutaka kutoa jirani.

Wenzangu husema nimwachie Mungu. Nimemwachia. Ila jina lake ni Mfaume, na pilau tulikula naye sinia moja.