Siku Tuliyomficha Kalunde

Naikumbuka siku moja ya kiangazi, mwanangu, siku ambayo kijiji kizima kilivaa nguo safi kumpokea mgeni, na nusura kijiponze kwa usafi huo. Naikumbuka zaidi nyakati hizi, ninapowaona vijana mmekaa pamoja kuandika maombi ya msaada, mkiomba fedha za zahanati na fedha za kuchunguza maradhi ya moyo. Kuomba si aibu. Lakini kuomba kuna adabu yake, na mimi adabu hiyo nilifunzwa mbele ya sahani ya nyama.

Wakati huo Mwingereza alikuwa bado anatawala, nami nilikuwa kijana nisiyetulia. Shule niliiacha mapema. Sikufukuzwa; mwalimu alitaka nikae, na miguu yangu ilitaka kwenda. Nilipanda mabehewa ya mizigo hadi Kigoma nikabeba magunia ya dagaa, nikaenda kukata mkonge, nikarudi kuuza chai stesheni ya Tabora. Wakubwa wangu waliponisema niliwajibu kwamba mwenda bure si mkaa bure, huenda akaokota. Nilichookota mwishowe ni kazi ya kumfuata daktari wa misheni, mama mmoja wa Kizungu mwenye miguu mirefu na subira ndefu zaidi, ambaye sote tulimwita Mama Daktari. Nilimbebea sanduku la dawa, na kule vijijini ambako wazee walizungumza Kinyamwezi tu, mimi ndiye niliyekuwa mdomo wake.

Nilikuwa na ugonjwa wa kuuliza. Dawa ikishamezwa inajuaje njia ya kwenda kwenye goti? Mbona unatazama ulimi, na mtu kasema anaumwa mguu? Siku moja, nadhani kwa kuchoka nami, alinitia masikioni kipimo chake cha kusikilizia moyo, akakiweka kwenye kifua changu mwenyewe. Nikasikia mtu anatwanga. Mchi na kinu, taratibu, bila kukosea. Kisha akakiweka kwenye kifua cha Kalunde.

Dada yangu aliolewa kijiji kimoja upande wa Lusu, kwenye njia ya Nzega, na Kalunde alikuwa binti yake. Alikuwa amefika umri wa kuchota maji kwa ndoo kubwa, lakini hata ndogo ilimshinda. Hapo nyuma aliwahi kuugua koo, kisha viungo vikamvimba, leo goti, kesho kiwiko, nasi tukasema mtoto anakua. Sasa akivuka uwanja tu, anahema. Nilipomsikiliza sikusikia mchi peke yake. Baada ya kila pigo palipita pumzi, kama mivukuto ya mhunzi iliyotoboka.

Mama Daktari akanieleza kwamba ndani ya moyo mna milango midogo ya kupitisha damu, na kwamba lile koo ndilo lililoiharibu. Milango ya Kalunde hakuweza kuitengeneza. Ila mtoto aliyeguswa na ugonjwa huo akipata sindano kila mwezi, ugonjwa haurudi kumalizia kazi yake. Nikamwuliza walioguswa ni wangapi. Akasema hajui, na wala hakuna anayejua, kwa sababu hakuna aliyewahi kupita nyumba kwa nyumba akisikiliza vifua vya watoto.

Hilo ndilo aliloliombea fedha. Serikali ilikuwa na ndui na malale ya kushughulikia kwanza, kwa hiyo aliandikia chama kimoja cha hisani ng'ambo, akaomba dawa za sindano, mwuguzi mmoja na baiskeli yake, na muda wa kupita vijijini. Kabla ya kuipeleka barua posta alinisomea kila sentensi kwa Kiswahili, akiniuliza kama mambo ndivyo yalivyo. Hapo mimi nilijiona mtu mkubwa sana. Baada ya muda jibu likaja: wanamtuma mtu wao aje aone kwa macho yake. Akiridhika watatoa. Asiporidhika, fedha zitakwenda kwa wengine, maana waombaji walikuwa wengi.

Mama Daktari akabaki Tabora kumngoja mgeni, akanitanguliza mimi kijijini kupeleka habari. Nilimweleza mwanangwa, ndiye mkuu wa kijiji kwa desturi yetu Wanyamwezi, kwamba kuna mgeni anakuja kuona wagonjwa. Mwanangwa aliposikia neno mgeni, hakulisikia lililofuata. Akaita watu, akachagua ng'ombe, akaagiza mchele na asali ya msituni, akawataka wacheza ngoma wazifue nguo zao. "Mgeni njoo, mwenyeji apone," akasema. "Sasa nyie mnataka tumpokee kwa kikohozi?"

Watu wakacheka, nami nikacheka. Ikaamuliwa kwamba wagonjwa wakae ndani mpaka mgeni aondoke. Dada yangu alimpeleka Kalunde nyumba ya shangazi yake, nyuma ya zizi. Nilipomgusia kwamba mgeni amekuja kwa ajili ya watoto kama huyo, alinikatiza.

"Wewe ni mtu wa njiani, utaondoka kesho," akaniambia. "Mimi nabaki hapa na midomo ya watu. Nani atakuja kumwoa mtoto aliyeonyeshwa kama ng'ombe wa mnadani?"

Nikamwacha, nikaenda kusaidia waliokuwa wakifagia uwanja. Usimcheke dada yangu, mwanangu. Aibu yake haikuwa ujinga, ilikuwa ukuta aliomjengea mtoto wake kwa sababu hakuwa na kingine cha kumjengea.

Mgeni akaja na Mama Daktari kwenye gari la misheni, vumbi hadi kwenye nyusi. Alikuwa mtu mzima, mwembamba, mpole, mwenye kukubali kila alichopewa. Akapewa maziwa ya mgando, akanywa. Akachezewa ngoma, akapiga makofi nje ya mdundo. Kisha akauliza, Mama Daktari akageuza kwa Kiswahili, nami nikageuza kwa Kinyamwezi: watu wa hapa hali zao zikoje?

"Hatujambo," akajibu mwanangwa.

Na watoto?

"Wazima, tunamshukuru Mungu."

Nikayarudisha maneno hayo kama yalivyotoka. Hata wewe ungejibu hivyo. Tangu lini mtu akaulizwa hali mbele ya wageni akaanza kutoa vidonda? Sisi tukiwa na maiti ndani bado husema hatujambo, ndipo tunaeleza msiba. Lakini mgeni hakujua kwamba kwetu jibu la kwanza ni mlango tu. Aliliona ndiyo nyumba.

Nyama ilipoletwa, alizungumza na Mama Daktari kwa sauti ya chini. Nikamwona mama yule anageuka rangi. Akanieleza polepole, kama mtu anayepita juu ya miiba: yeye amemwambia wagonjwa wapo, lakini mgeni haoni hata mmoja; amefurahi kuona kijiji chenye afya namna hii, hataandika neno baya juu yetu, ila kuna sehemu nyingine watu wanaumwa zaidi, na gari la moshi la kwenda huko linaondoka kesho.

Mwanangwa akataka kujua mgeni anasema nini. Nikasema, anasifu. Na kweli alikuwa anasifu.

Hapo ndipo aliposimama Mzee Kapela. Alikuwa mzee wa mwisho pale kijijini aliyewahi kubeba mizigo ya misafara kwa miguu hadi pwani, na siku za kupanga mapokezi alikuwa msituni akikagua mizinga yake ya nyuki. Alifika kwa ajili ya nyama, kama alivyosema mwenyewe.

"Mwanangwa, nipe ruhusa niseme. Nyama yako tamu, sina kesi nayo."

Watu wakacheka. Yeye akavua shati. Begani alikuwa na sugu nyeusi, ngumu kama gome la mti. Akasema, nami nikafasiri:

"Tulipobeba pembe kwenda pwani, kila alfajiri kirangozi, kiongozi wa msafara, alitupanga wote tuvue nguo mabegani ndipo agawe mizigo. Mwenye kidonda alipewa mzigo mwepesi. Rafiki yangu mmoja alikuwa na kidonda akakifunika, akasema ni mzima, hakutaka kuitwa goigoi. Kirangozi akamwamini. Tulimzika Ugogo, na mzigo wake tukagawana sisi wenzake." Akamtazama mwanangwa, kisha akanitazama mimi. "Mgeni huyu kaja kutazama mabega, ninyi mmemwonyesha nguo. Na wewe, mdomo wa Mama Daktari, mpwa wako yuko wapi?"

Swali hilo sikulifasiri. Mama Daktari alilielewa kwa jinsi nilivyoinama.

Mzee Kapela akamgeukia dada yangu, na sauti ikashuka. "Mwanangu, kamuulize mtoto. Usimwamuru, muulize. Akikataa, mimi navaa shati langu tunakula."

Dada yangu akajifunga kitenge vizuri. Halafu akaondoka bila kumtazama mtu. Ngoma zilikuwa zimenyamaza. Tulimwona Kalunde akitokea nyuma ya zizi, mama yake pembeni, lakini hakushikwa mkono. Pale si mbali, mbuzi angefika kwa kuruka mara chache. Yeye alitembea, akasimama, akashika kiuno, akatembea tena, akasimama. Nilimwona mgeni akiweka sahani chini, kisha akainuka, kama anavyoinuka mtu anapoingia mkubwa wake.

Kalunde alipofika alisubiri pumzi imrudie, ndipo akaniuliza, "Mjomba, nyama imebaki?"

Tulicheka sote, wengine na machozi. Mama Daktari akamwomba ruhusa, akampa mgeni kile kipimo. Mgeni hakuwa daktari. Akasikiliza muda mrefu, akasikiliza na kifua chake mwenyewe, akarudia cha mtoto. Kalunde akataka kujua anasikia nini. Mgeni akasema anasikia upepo mahali ambapo hapapaswi kuwa na upepo.

Kumbe jambo lenyewe lilikuwa bado. Kutoka nyumba ya mhunzi akatoka mke wake na mtoto mgongoni, mtoto mkubwa wa kutembea ila hawezi. Kutoka kwa mwanangwa mwenyewe akatoka kijana wake mwenye miguu iliyovimba, ambaye tulikuwa tukiambiwa yuko Mwanza kutafuta kazi. Wakatoka wengine. Tulitazamana kwa mshangao, mwanangu, kwa maana hatukuwa tumewaficha wagonjwa kwa mgeni tu. Kila nyumba ilikuwa imemficha wake hata kwa jirani, na kila mama alidhani ni yeye peke yake aliyelogwa. Mficha maradhi, kilio kitamfichua. Sisi vilio vilikwisha kutufichua mara nyingi, na bado tulizika kila mtu kwa sababu yake, kana kwamba ugonjwa haukuwa mmoja.

Mwanangwa, alipoona upepo umegeuka, naye akageuka nao. Akamnong'oneza kijana mmoja aliyekuwa akiumwa jino alale chini agune. Kijana akalala, akaguna vizuri sana. Mzee Kapela akamgusa kwa fimbo.

"Inuka. Bega zima hulipaki damu. Kirangozi akigundua mmoja kajipaka, kesho wenye vidonda vya kweli hawaaminiwi."

Kijana akainuka akijipangusa vumbi, na jino lake likaja kung'olewa siku nyingine.

Fedha zilikuja, baada ya masika, pungufu ya zilizoombwa. Zilitosha mwuguzi na baiskeli na dawa. Kalunde hakupona. Mama Daktari alikuwa ametuambia mapema, na dada yangu alipoelewa alilia mara moja tu, kisha akauliza wadogo wa Kalunde wasikilizwe vifua lini. Lakini Kalunde mwenyewe alipata kazi. Alikuwa akipakiwa nyuma ya baiskeli ya mwuguzi, wanapita nyumba kwa nyumba, na penye mama anayesita kumtoa mtoto, yeye ndiye aliyeingia. "Mimi nilitolewa mbele ya Mzungu kijiji kizima kinatafuna nyama," alikuwa akiwaambia. "Wewe unaogopa sindano?" Watoto wengi walitoka kwa maneno hayo. Alifariki kabla ya mtama wa mwaka wa tatu kuvunwa, na siku ya kumzika hatukuweza kuona mwisho wa watu.

Jambo moja sikulisema. Jioni ya siku ile ya mgeni, Mzee Kapela alikwenda kwa dada yangu na chungu cha asali, akamwomba radhi kwa kumgusia mtoto wake hadharani. Alikuwa amesema kweli, na bado aliomba radhi.

Basi, mwanangu, nasaha yangu ni hii. Unapoandika kuomba, sema haja yako kama ilivyo. Usiifiche kwa kuogopa kudharauliwa, na usiiongeze kwa kutaka kuhurumiwa, maana njia ya mwongo ni fupi, na mwisho wake wanaumia wasiosema uongo. Maneno yako wasomee kwanza wale unaowaombea. Wakikwambia sivyo, futa. Usimtoe mgonjwa mbele za watu bila kumuuliza, na akikataa, heshima yake ni kubwa kuliko fedha. Tena kabla ya kutafuta mfadhili wa mbali, bisha kwa jirani. Huenda unaomba msaada wa peke yako, kumbe mko wengi, na mkijuana nusu ya mzigo imeshuka.

Mungu akupe ulimi usiotetemeka mbele ya wenye navyo, na macho yasiyoupita mlango wa mwenzako. Maombi yako yafike na yajibiwe. Na yasipojibiwa, yakukute bado unawajua wagonjwa wako kwa majina, na wao bado wanakuita mtu wao. Nenda salama, mwanangu.