Bibi wa Kanisa la Mtoni

Yule bibi tuliyemkuta kanisani alitufuata mpaka kwetu Lewisham, mtaa wa London, na hadi leo hajarudi kwake. Sizushi. Ningekuwa nazusha, ningechagua kisa kinachoniachia usingizi.

Ilikuwa Jumamosi ya Novemba. Mimi na Rehema, mwenzangu katika kazi ya kuhudumia wazee, tulipanda treni pamoja na bintiye Neema kwenda kutembea kando ya mto Thames, nje ya jiji. Tuliona ngome, tukapita mashamba yaliyolowa, tukaishia kwenye kanisa dogo la mawe ambalo makaburi yake yanafika ukingoni mwa maji.

Ndani alikuwamo bibi wa Kizungu, peke yake, amevaa koti la kijivu. Rehema ni mtu wa Mombasa, mdomo ulimtangulia.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Mmetoka mbali?"

Wewe ungefanya nini? Tulicheka. Tukadhani aliwahi kuishi kwetu. Alituuliza habari za nyumbani, akamshika Neema shavu, na tulipoaga akainuka kutusindikiza. Kwenye geti la makaburi akasimama ghafla, kama mbuzi aliyefikia mwisho wa kamba yake.

"Mimi naishia hapa," akasema.

"Basi karibu na kwetu, bibi, Lewisham, uje unywe chai," Rehema akamwambia. Unajua tunavyokaribishana. Hakuna anayetarajia mtu aje kweli.

Bibi akavuka geti.

"Huyo anakuja," nikanong'ona. "Chai unayo?"

"Nyamaza wewe."

Tulipogeuka hakuwapo. Kwenye tope la njia zilikuwapo alama za viatu vyetu tu. Lakini ndani ya treni, giza lilipoingia, nilimwona kwenye kioo cha dirisha, ameketi kando ya Neema. Nikaangalia kiti. Hakikuwa na mtu.

Neema ana miaka sita, kazaliwa hapa. Kiswahili anakielewa, ila alikuwa akijibu kwa Kiingereza. Tangu siku ile huongea Kiswahili chumbani mwake, polepole, akinyamaza kama anayesikiliza. Mchungaji amekuja kuomba, bila mafanikio. Mwishowe Rehema mwenyewe alisema kwa sauti, "Bibi, asante kwa kututembelea. Sasa nenda kwako." Neema ndiye aliyeleta jibu: bibi yuko tayari kuondoka, ila mgeni haachwi atoke peke yake. Yeye Neema atamsindikiza.

Nakusihi, usimkaribishe mtu usiyemjua kwa mazoea tu. Rehema sasa hulala kitanda kimoja na mtoto, mlango kaufunga kwa ufunguo, viatu vya Neema kavificha kabatini. Asubuhi huvikuta mlangoni, vimelowa tope.