Shomari Kafa kwa Jeraha la Paja

Mpaka leo sikubali: Shomari hakustahili kufa! Alikuwa shujaa wangu katika mchezo wa mezani aliotuletea shemeji yangu Beka, baharia. Mashujaa wetu ni vifuniko vya soda, na dadu ndiyo inayoamua nani aumie, nani afe. Nilimsifu Shomari kila siku, hata jirani yangu Bi Mwanaidi akawa ananiuliza hali yake.

Jumapili ile Shomari akachomwa mkuki wa paja. Dadu ikaanguka vibaya, Beka akatamka, "Kanuni ni kanuni. Amekufa."

Kwa paja? Nikarudi nyumbani nafoka Temeke nzima. Bi Mwanaidi akanisimamisha mlangoni. Hata shikamoo sikumpa.

"Baba Zuhura, kulikoni?"

"Wamemuua Shomari wangu! Paja tu, mama, na hakuna aliyemtibu!"

Akajishika kichwa. Nikafarijika, angalau mmoja kauona uonevu ule. Nikaingia ndani kulala.

Nilipoamka, mikeka imetandikwa uani, kina mama wanalia, wanaume wanafunga turubai. Shehe akanishika bega.

"Pole, mwanangu. Marehemu yuko wapi, tumwoshe?"

Nikatia mkono mfukoni, nikamkabidhi kifuniko cha soda.