Kaniki ya Nestory

Hapa Masumbwe picha isiyowaka taa si picha. Nashona nguo ukuta mmoja na studio ya Nestory tangu ujana wetu, na nimeona wazee kutoka Bukombe, wamevaa suti za kuazima, wakigoma kuinuka kitini kwa sababu flashi haijawapiga machoni. "Bado hujapiga," wanasema. Basi Nestory akawa mtu wa flashi. Angeachiwa, angelipiga hata jua kwa flashi.

Kisha zikaja simu. Harusi zote zikahamia kwa Davis wa duka la vocha, mwenye simu ya kamera tatu na mdomo wa kutosha kamera sita. Nestory akabaki na picha za paspoti, na Masumbwe nani anasafiri? Akawa anashinda kwangu, anafuta lenzi ambayo haina vumbi. Iliniuma sana, ingawa pia alikuwa ananizibia mwanga wa cherehani.

Ndipo Mama Noela, mwenye hoteli pale barabarani, akamwita. Mama huyu alinunua Mwanza samaki wa urembo, mnono, rangi ya dhahabu, akampakata ndani ya ndoo kwenye basi mpaka huku. Wachimbaji wanaokula kwake hawaendi machimboni bila kugusa kioo cha tangi la samaki huyo, wanasema ana nyota. Sasa alitaka picha ya samaki iwekwe kwenye bango la hoteli.

"Nakupa wewe kwanza, Baba Esta," alimwambia Nestory. "Ukishindwa nampa Davis."

Nestory alirudi na picha ya kwanza. Katikati palikuwa na doa jeupe la flashi, na nyuma ya doa tumbo lake mwenyewe, vifungo vyote vinaonekana. Samaki alikuwa mkia tu.

"Huyu samaki tangu lini anavaa mkanda?" nikamuuliza.

Hakucheka. Akampigia simu mzee Anatoli wa Geita, aliyemfundisha kazi. Nilisikia yote, maana Nestory husikiliza simu kwa spika.

"Zima flashi," mzee alisema. "Kioo ukikipiga mwanga kinakurudishia sura yako. Taa iweke juu ya maji, imulike chini. Funga mapazia, jifunike kitambaa cheusi, lenzi uisogeze hadi kwenye kioo, uitazamishe mbele moja kwa moja. Pampu ya hewa izime kidogo, mapovu yatulie. Na usimfukuze samaki. Msubiri aje, ulenge jicho."

"Bila flashi, mzee?"

"Bila flashi."

Nestory alikata simu kama mtu aliyeambiwa kusali bila ishara ya msalaba.

Kitambaa cheusi nilichokuwa nacho ni kaniki. Kwetu anayenunua kaniki ni mfumu, yaani mganga, au mtu aliyetumwa na mfumu. "Chukua," nikamwambia, "samaki hatakuuliza dhehebu." Nestory ni kiongozi wa kwaya ya kigango. Aliipokea kwa shingo upande.

Mchana ule tulifunga mapazia ya hoteli, tukafunga tochi ya kichwani ya mchimbaji juu ya tangi, mimi nikafuta kioo kwa khanga. Nestory akapiga magoti chini ya kaniki, akaanza kubembeleza: "Njoo, baba. Njoo kwenye mwanga. Nionyeshe jicho lako."

Mlango ukafunguliwa. Wachimbaji watatu kutoka Bugarama walikuwa wamefuata ugali. Waliona giza, kaniki, mwanga juu ya maji, na sauti inayonong'ona. Wakavua viatu. Mkubwa wao, Maige, akapiga magoti.

"Mwadila, mfumu," akasalimu. "Tuangalizie na sisi. Duara letu tunalochimbia dhahabu linatoa maji matupu, kweli gete."

Mama Noela aliuma ncha ya khanga yake asicheke. Nestory hakuweza kugeuka, kwani samaki ndiyo kwanza alikuwa anasogea. "Nyamazeni!" akafoka. Wakanyamaza, tena kwa adabu ambayo mapadri wanaitafuta. Kamera ikalia, ta, ta, ta.

Alipotoka chini ya kaniki jasho lilikuwa linamchuruzika. Akageuza kamera. Samaki alijaa kioo chote, kila gamba linang'aa, jicho linatutazama. Nestory alilia, na mimi nikalia.

"Mimi ni mpiga picha tu, ndugu zangu," aliwaambia wachimbaji.

"Sawa, mfumu," akajibu Maige. "Basi tupige hivyohivyo."

Bango lilipopanda, Davis alikuja kujaribu na yeye. Akapata picha safi ya simu yake, kamera zote tatu. Studio ya Nestory ikajaa wachimbaji, na kila mmoja alidai giza, tochi juu, na Nestory chini ya kaniki.

Habari zikafika kanisani. Katekista George akaja kumkanya. Alisema maneno makali kuhusu waamini wenye miguu miwili, mmoja kanisani, mwingine kilingeni. Nestory akaapa kuwa kile ni kitambaa tu cha kuzuia mwanga. Katekista akaridhika. Kwa kuwa alishafika, akaketi, akaweka kola sawa, naye apigwe picha.

Nestory, kwa heshima ya Kanisa, akachomeka flashi.

Katekista akachungulia mlangoni, akashusha sauti.

"Kaniki iko wapi?"